Chai ya Saa Kumi, Upande wa Mlimani

Tuliingia Morogoro tukitoka Turiani, siku ya sita ya mwendo, na nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Kucha mbili za mguu wa kulia zilikuwa zimeng'oka. Mabega yangu hayakuwa na neno, maana mimi sikubeba mzigo. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari la bwana mpima ardhi, Mdachi mrefu mwenye mafua yasiyokwisha, na kumtafsiria maneno ya wenye mashamba ambao hawakutaka mashamba yao yapimwe. Hiyo ndiyo iliyonichosha. Miezi mitano nilikuwa kinywa cha watu wasiopendana, na jioni nilipobaki na kinywa changu mwenyewe sikuwa na la kusema.

Bwana alishukia hoteli iliyokuwa kati ya stesheni na boma. Tungengoja pale siku mbili, mpaka gari moshi la kwenda Dar es Salaam lipite. Hoteli ilikuwa ya Mgiriki mmoja, nyumba ndefu ya mabati, yenye baraza mbili. Baraza ya mbele ilitazama barabara ya stesheni, nayo ilikuwa ya Wazungu. Saa kumi walikaa huko kwenye viti vya henzerani, wakanywa kahawa na kula keki, na kila rukwama lililopita likawatilia vumbi vikombeni. Baraza ya nyuma ilikuwa yetu sisi makarani, wakalimani na wapishi wa mabwana. Sijui ni nani aliyeichora nyumba ile, lakini aliwakosea sana wenziwe, maana baraza ya nyuma ndiyo iliyoitazama milima ya Uluguru.

Nilipokwisha kumfungulia bwana masanduku yake, nilioga, nikafunga vidole kwa kitambaa safi, nikavaa kanzu iliyokuwa imekunjwa chini ya mkoba tangu kiangazi kianze, nikatia tarbushi yangu nyekundu, nikaenda kukaa. Nataka niiseme wazi raha ya kile kiti. Miezi mitano nilikaa juu ya sanduku, juu ya gogo, juu ya visigino vyangu. Kiti kile kilikuwa na mgongo na mikono. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kikaniyumbisha kidogo kila nilipovuta pumzi, nami sikukibadilisha ingawa vilikuwapo vingine.

Na chai. Wadachi walipenda kahawa, basi chai ikaachwa kuwa ya upande wetu, na kwa kuwa hakuna aliyeisimamia, mpishi aliipika atakavyo: maziwa yalichemka humo humo pamoja na iliki na tangawizi mbichi iliyoteremshwa mlimani siku ile ile. Ililetwa katika birika la bati lenye madoa meusi. Vikombe vilikuwa vya maua ya buluu, sawa na vya mbele, ila vyetu vilikuwa na mapengo. Pamoja na chai palikuwa na mkate uliokatwa vipande vinene, na jamu ya forosadi ambayo watu wa misheni waliishusha kutoka juu katika ndoo. Ukiutafuna mkate ule na kuuteremsha kwa chai ya moto, unasikia tumbo linakumbuka kwamba liliwahi kuwa la mtu mwenye kwao.

Jua lilikuwa limepita nyuma ya bega la mlima. Mashamba ya juu, yale yanayoning'inia kama viraka kwenye nguo ya maskini, yalikuwa yameingia kivulini, na ya chini yake bado yanameta. Wingu lilikaa kileleni bila kwenda popote. Nililihusudu. Mimi ni mtu wa kuzunguka, nimerithi. Baba yangu alikuwa mpagazi kutoka Unyamwezi, aliyeshusha pembe zake Bagamoyo safari moja, akaoa pale, akakaa, na hata alipozeeka hakuweza kulala bila kwanza kufunga vitu vyake vyote katika bunda moja kando ya kitanda. Mama alilifungua kila asubuhi. Mimi nilipelekwa shule ya serikali Tanga, nikajifunza kuandika na kusema Kidachi, ili nisiwe mpagazi. Nikawa mpagazi wa daftari. Kila mahali nilipokaa nilipatamani pale nilipotoka, na nikirudi nilipotoka natamani njia.

Lakini sikuja Morogoro kwa ajili ya chai. Nilikuja kumchukua mwanangu.

Miaka tisa kabla ya siku ile nilioa katika kijiji kimoja kilicho juu ya Mlali, nilipokuwa karani wa mfanyabiashara wa nta na ngozi. Tulipata mtoto wa kike. Mke wangu alifariki mtoto akiwa na miaka minne, nikamwacha kwa bibi yake mzaa mama, nikaenda zangu. Sikwenda kwa ubaya. Nilisema nitarudi baada ya mavuno, kisha mavuno yakawa mengi. Sasa dada yangu wa Bagamoyo, ambaye hakujaliwa watoto, alikuwa amenitumia habari mara tatu: mlete mtoto, nitamlea. Na mimi, huko Turiani, nikiwa nimelala juu ya majani nasikiliza mafua ya bwana, niliona kwamba mtoto akikaa Bagamoyo, basi Bagamoyo patakuwa kwangu, nami nitakuwa na mahali pa kurudi. Wazo hilo ndilo lililonitembeza zile siku sita.

Kwa Waluguru hilo si jambo la baba kuamua. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wenyewe wanauita lukolo, na neno la mwisho ni la mkubwa wa ukoo huo, mjomba juu ya wajomba. Baba ni mgeni anayepewa heshima zake na kigoda chake. Mkubwa aliyeniozesha alikuwa amekufa, na nafasi yake ilirithiwa na mdogo wake, ambaye wakati wa harusi yangu alikuwa huko Usambara katika mashamba ya mkonge, kwa hiyo hatukupata kuonana. Nilikuwa nimetuma habari mbele kwa wanawake wa Mlali wanaoleta maharage sokoni: nakuja na msafara wa mpima ardhi, nataka mtoto wangu. Jibu lilinikuta njiani. Mkubwa amesikia, siku nyingi huwa mjini, atanitafuta mwenyewe. Basi nilimtazamia mtu wa mkongojo, na wazee wawili nyuma yake.

Mezani nilimkuta karani wa tiketi wa stesheni, Mzaramo mnene aliyecheka kabla hujamaliza kusema. Tulikuwa tumejuana safari zilizopita. Aliyetuandikia meza alikuwa Mluguru, nilimjua kwa lafudhi alipotukaribisha. Alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, vazi ambalo Mgiriki aliwavika watumishi wake wote, wazee kwa vijana, na Wazungu wa mbele wakawaita wote "boi" bila kubagua. Umri wake sikuutazama. Niseme kweli: nilitazama birika.

Baba yangu alinifundisha kwamba sisi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Ukikutana na Mluguru, alisema, mtukane kwanza, ndipo mtakula pamoja, na ukifa ugenini yeye ndiye atakayekuosha. Nami nilikuwa nimeshiba kikombe cha kwanza, na furaha ya kupumzika ilikuwa imenipanda kichwani kama tembo la mnazi.

"Ewe mla magimbi," nikamwambia, "nani amekufundisha kushika birika? Kwenu si mnainama mtoni kama mbuzi?"

Akamimina. Hakumwaga hata tone.

"Sukari?" akauliza.

"Tia tatu. Tena usilambe kijiko, nakuona."

Karani wa stesheni akaipiga meza kwa kiganja. "Mwache mzee wa watu, Mnyamwezi wee! Atakutilia jivu."

"Anitilie! Huyu mtumwa wangu. Babu zake walipotuona tunapita na pembe za ndovu, walikimbilia mlimani wakidhani ndovu wenyewe ni sisi. Mpaka leo hawajashuka."

"Mimi nimeshuka," mzee akasema kwa upole. "Maziwa ya juu unataka?"

Tulicheka mpaka mpishi akachungulia dirishani. Kutoka mbele sauti ikaita, "Boi!", naye akaenda bila haraka, akarudi na mkate mwingine. Nikaona hajanijibu sawasawa, na utani usiojibiwa ni kama kupiga makofi kwa mkono mmoja. Nikazidisha.

"Mtani, nimekutukana vikombe viwili vizima. Huna ulimi, au Mgiriki amekukata akautia kwenye mchuzi?"

"Ulimi ninao. Nasikiliza."

"Basi sikiliza na hili. Mimi kwenu nimekwisha kuoa, hapo juu ya Mlali. Nilitoa majembe yenye kutu, wazee wenu wakayapokea kwa vigelegele kama watu walioletewa dhahabu. Sasa nimekuja kuchukua matunda. Nina binti yangu huko, nitapita nimchukue hivi hivi, kama mtu anayechuma papai la njiani. Wala simwombi mtu."

Mzee alikuwa ananimiminia kikombe cha tatu. Mkono wake ulisimama kidogo tu, kisha ukaendelea.

"Papai la njiani lina mwenyewe," akasema.

Nikafurahi, nikapiga paja langu. "Alhamdulillahi, kumbe anasema!" Nikageuka kwa Mzaramo tucheke pamoja. Mzaramo hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeona nzi. "Bwana," akaninong'oneza, "nyamaza kidogo. Nyamaza hapo hapo ulipo."

Mzee aliweka birika juu ya meza, akafuta kiganja chake kwenye mshipi.

"Huyo mtoto," akaniambia, "ana kovu la moto katika kiganja cha kushoto. Unalijua?"

Nikasema silijui.

"Huwezi kulijua. Alilipata baada yako. Alishika sufuria akidhani imepoa. Bibi yake na mimi tumelala tumbo moja. Mama yake nilimbeba mgongoni. Habari yako ilinifika, nikasema nitakutafuta. Kumbe umekuja kukaa kwenye meza yangu."

Katika nchi yote iliyo kati ya pwani na Tabora hakuna mtu unayemtukana kwa uhuru kuliko mtani, na hakuna unayemwogopa kuliko mkwe. Mimi nilikuwa nimewakuta wote wawili ndani ya kanzu moja, nikamsalimia yule niliyemtaka. Niliinuka. Kiti kilianguka nyuma yangu. Nilivua viatu kwanza, sijui kwa nini viatu, nikapiga goti juu ya mbao za baraza ile pamoja na vidole vyangu vilivyofungwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inuka, chai itapoa."

Nilikaa kwa sababu aliniambia nikae. Nikanywa kwa sababu kikombe kilikuwa mkononi. Ilikuwa chai ile ile, tangawizi ile ile, nami sikusikia ladha yoyote. Mbele wakaita tena, "Boi! Kahawa!" Nilimtambua mwitaji kwa mafua yake. Ilikuwa sauti ya bwana wangu. Mkwe wangu akachukua sinia, akaenda kumhudumia.

"Wewe ulijua?" nikamuuliza Mzaramo.

"Nilijua kwamba yeye ni mkubwa wa watu wa juu ya Mlali, hata akida wa serikali humwamkia. Kwamba ni mkweo ningejuaje? Ulipotaja mtoto wa Mlali ndipo nikaunganisha mambo." Akauvuta mkate kwake, akaula, maana yeye mwili wake ulikuwa unaendelea na maisha. "Usihofu. Mimi ni Mzaramo. Mluguru ni mtani wangu pia, na mimi sikuoa kwao, namshukuru Mungu. Niachie."

Mzee aliporudi, Mzaramo akasimama kwa kishindo, akaninyang'anya tarbushi yangu kichwani.

"Mzee wangu wa magimbi," akasema, "huyu mpagazi amekosa adabu. Mkwe hatukanwi bure, hata akiwa mbaya wa sura kama wewe. Kofia hii ni faini. Tena atatoa na jogoo, jekundu, lenye mkia. Akikataa, sitamkatia tiketi, afuate reli kwa miguu mpaka Dar es Salaam."

Kwa mara ya kwanza mzee alicheka. Alicheka bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Akaichukua tarbushi, akaitazama ndani na nje, akaiweka juu ya kofia yake nyeupe, mbili kwa pamoja. "Imekwisha," akasema. "Matusi yamekwisha. Hata kabla hayajakwisha yalikuwa yamekwisha. Ulinitukana mtani, na mtani hana kesi." Kisha akaivua, akaibana chini ya kwapa. "Lakini mtoto ni jambo jingine."

Mzaramo akajua halimhusu. Akachukua kikombe chake, akaenda kukaa na mpishi jikoni.

Mzee hakukaa. Watumishi hawakuruhusiwa kukaa katika kanzu ile. Alisimama pembeni ya meza yangu, birika mkononi, na kwa mtu aliyetazama kwa mbali tulikuwa karani na boi wake. Hivyo ndivyo baraza langu la ukoo lilivyofanyika.

"Mwaka huu umekaa wapi?" akaniuliza.

"Turiani, baba. Kabla ya hapo Kilosa. Masika nilikuwa Mpwapwa."

"Hizo ni kambi. Nauliza unakaa wapi."

"Dada yangu ana nyumba Bagamoyo. Nyumba ya mawe, ina kisima. Mtoto atasoma. Atajua—"

"Boi!"

Akaenda. Nikabaki na sentensi mkononi. Mlima ulikuwa umeingia kivulini wote sasa, moshi wa jioni umeanza kutoka kwenye viraka vile, na nikafikiri kwamba moshi mwingine kama ule, upande wa magharibi ambao kutoka mjini hauonekani, ni wa jiko ambalo mwanangu amekaa mbele yake. Nilijipangia maneno mazuri. Miezi mitano nilikuwa nimewapangia maneno watu wengine, na yangu mwenyewe hayakutaka kukaa kwenye mstari.

Akarudi. "Dada yako nimemsikia. Nadhani ni mtu mwema. Lakini aliyeniletea habari ni baba, na ninayemuuliza ni baba. Mtoto akiwa Bagamoyo, wewe utalala wapi?"

Nilitaka kusema Bagamoyo. Neno lilikuwa tayari. Lakini alikuwa ananitazama kwa utaratibu, kama alivyonitazama nilipokuwa nikimtukana, na nikaona haya kumdanganya mtu yule mara ya pili katika chai moja.

"Sijui," nikasema. "Naona nitajaribu."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyepima kitu na kukuta kina uzito ule alioudhani. "Umesema kweli, basi nami nitakujibu kweli. Simtoi kwetu aende kukaa kwa watu wasiomjua, amngoje mtu wa njiani. Kumngoja mtu wa njiani anaweza kungoja hata hapa, kwa bibi yake." Akanimiminia chai iliyobaki, nusu kikombe, majani yakaja nayo. "Ila mvua za vuli zinakaribia. Panda nasi. Pale penye nyumba ya mama yake pana shamba limelala. Lima, panda, vuna. Ukimaliza mavuno na bado uko, mtoto atakuwa amekujua, nami nitamtoa. Nitawabebea mzigo wenu mwenyewe mpaka stesheni."

"Na kama sikumaliza?"

"Utakuwa umekula mahindi mabichi," akasema, akaondoka na birika.

Usingizi ulinichukua pale pale mezani. Aliyeniamsha ni Mzaramo, akinitikisa kwa mkono wenye jamu.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia bwana mpima ardhi kwamba siendi naye. Aliuliza kama nimepata mshahara bora. Nikasema naenda kulima. Alipenga mafua, akaandika jambo katika daftari ambalo mpaka siku ile nililishika mimi, akaniambia nimpelekee masanduku stesheni kwanza. Nikayapeleka. Kisha nikanunua jembe na jogoo jekundu, nikashika njia ya Mzumbe, na siku ya pili jioni nikapanda kutoka Mlali, vidole vyangu vikiuma kila hatua.

Mwanangu aliniamkia kama anavyoamkiwa mgeni, kwa magoti mawili, akanipokea jogoo. Uso wake ulikuwa wa mama yake kiasi kwamba nilisahau kuitikia, ikabidi arudie.

Mama mkwe wangu hakutoka. Mkwe hatazamani na mama mkwe, hiyo ilikuwa sheria, na kwa kuwa nyumba zetu zilitazamana, tuliishi kama majirani vipofu. Maneno yote yalipitia kwa mtoto. "Bibi anasema uji uko tayari." "Bibi anasema hivyo ndivyo watu wa pwani wanavyoshika jembe?" "Mwambie bibi ndivyo." "Anasema amesikia, anacheka." Nilikuwa mkalimani maisha yangu yote, nikaona sasa namna inavyopendeza kuwa na wako.

Tulipanda mvua ya pili. Mteremko wa shamba ulikuwa mkali kama paa la nyumba. Ukiachia jembe linakwenda kusimama kwa jirani. Jioni mtoto alinifundisha majina ya ndege, nami nikamfundisha herufi kwa mkaa juu ya jiwe, akafika mpaka ile ya K. Baba mkwe alipanda kutoka mjini kila baada ya wiki mbili, bila kanzu ya Mgiriki, amejifunga shuka, na hapo ungemjua ukubwa wake kutoka mlima wa pili. Alitembea kati ya mistari ya mahindi, akayang'oa machache yaliyosongana.

Sina la kujitetea. Hakuna aliyeniita, wala barua haikuja. Chakula kilikuwepo, na usiku nililala bila kuota njia, jambo ambalo halijanitokea tena. Lakini asubuhi moja, mvua imepumzika na ukungu umejaa bondeni mpaka miguuni petu, nilijikuta nimekaa kizingitini nashona mkanda wa mkoba. Mkanda haukuwa umekatika. Nilishona hata hivyo, mara mbili mbili, kwa uzi wa katani. Nilipoinua macho mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunitazama, alikuwa amesimama mlangoni kwake ananitazama. Kisha akaingia ndani.

Nilikuwa nimesikia kwamba reli inaelekea Tabora, na makarani wanatafutwa. Tabora ni kwa baba yangu. Sikuwahi kufika, na nilipatamani kama mtu anavyotamani mahali alipozaliwa.

Nilimkuta mtoto shambani anafukuza nyani. Nikamwambia nashuka mjini mara moja, nitarudi kabla mahindi hayajakauka. Alitazama mkoba, akatazama mahindi yaliyokuwa yamemfika kifuani.

"Babu alisema utaondoka yakifika magotini," akaniambia. "Umekaa sana."

Aliyasema hayo kama mtu anayemsifu mgeni. Kisha akainama kuokota jiwe, maana nyani walikuwa wamekwisha kuingia upande wa chini.